Wageni Watatu

Wako watu hata wakipelekwa peponi watauliza kama shuka zimefuliwa. Sawako Onodera alikuwa mmoja wao. Hoteli za mjini alizikataa, eti vitanda vyembamba, wanawe wataanguka. Nyumba za wageni zenye maji moto nazo zikamkataa yeye, maana hazitaki watoto. Basi jua linazama, familia ikajikuta mlangoni kwa bibi Kikue, mzee anayelaza wageni huko milimani Iwate, Japani, kwenye nyumba kuukuu inayonuka moshi na majani makavu.

"Banda la kuku hili," alimnong'oneza mumewe Takehiro, akabetua midomo.

Bibi Kikue alipiga magoti, akauliza wageni ni wangapi. Watatu, Sawako akajibu: yeye, mumewe na Honoka wa miaka saba. Na huyu mdogo je? Koume, wa miaka mitatu, alikuwa amelala mgongoni mwa baba yake. Mtoto anayelala na mama yake hatandikiwi wala hapakuliwi, kila mtu anajua hivyo.

"Huyo hahesabiki."

"Mama, hapa kila mtoto huhesabiwa. Asiyehesabiwa kuwa mgeni..." Bibi akasita. "Niandike wanne?"

"Andika watatu. Ushamba gani huu?"

Bibi akaandika watatu.

Zikaletwa trei tatu za chakula. Kisha ya nne, ndogo, yenye bakuli jekundu, ikawekwa kwenye kona tupu. Ya mtoto wa nyumba, yule asiyeonekana, bibi alisema, akatoka upesi.

Sawako akasonya. Watu wazima na akili zao, wanalisha kona! Koume alipoamka akaenda kula chakula cha trei ile, Sawako akamwacha ashibe.

Koume alicheka. Akanyamaza, akasikiliza... Akacheka tena.

Kisha nyayo. Tap... tap... tap... juu ya mikeka.

Nyayo za mtoto.

Honoka alikuwa ameketi. Koume alikuwa ameketi.

Sawako aliogopa, akaigeuza hofu kuwa hasira, maana hasira ndiyo aliyoizoea. Akaamuru wafungashe, hawezi kulala kwenye uchafu ule. Hakuna aliyewazuia. Takehiro na Honoka wakatangulia na mizigo garini. Sawako akavaa viatu, akageuka kumchukua Koume.

Koume alikuwa amepiga magoti kizingitini, ubavuni mwa bibi Kikue. Viganja sakafuni, paji la uso chini, kama wenye nyumba wanavyoaga wageni.

"Koume. Njoo kwa mama."

Mtoto akainua uso. Alimtazama kwa adabu, adabu ile ya kumtazama mtu usiyemjua.

Sawako akamshika mkono, akavuta kwa nguvu zake zote. Mtoto wa kilo kumi na tatu.

Hakusogea.

"Mwandike, bibi." Sawako alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la viatu. "Wanne. Nakuomba."

Bibi Kikue alikuwa analia. "Nilikuuliza mara mbili, mama. Asiyehesabiwa kuwa mgeni huwa wa nyumba."

Koume akainama tena.

"Asante kwa kuja, mgeni," alisema. "Giza limeshaingia. Safari njema."