Maji ya Kumwogesha Mtoto

Jumamosi asubuhi kila mtu alikuwa na kazi yake. Kaka alikuwa jikoni akiosha masufuria yenye mafuta kwa maji ya moto. Mdogo wake, msichana aliyepewa jina la Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa uani akisuuza nguo kwa maji ya bomba, baridi kama barafu. Mama alikuwa chumbani akimnyonyesha kichanga wao.

"Wanangu, nitayarishieni maji ya kumwogesha mtoto," mama aliita. "Yawe vuguvugu."

Kaka alichanganya maji kwenye beseni, akatia mkono. "Mbona bado ya baridi? Ngoja niongeze ya moto."

Chiriku ndiyo kwanza anaingia. Naye akatia mkono, akautoa mbio. "Mama yangu! Yanaunguza! Unataka kumchemsha mtoto kama kiazi?"

"Umeanza kutia chumvi," kaka alisema. Ni kweli Chiriku alikuwa na mazoea hayo. Jana tu kapanya kadogo alikafanya kakubwa kama paka.

Kaka akanyanyua birika. Chiriku akalikinga beseni kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Leo sitanii, kaka! Utamuunguza!"

"Muongo wewe!"

"Muongo mwenyewe!"

Mama akatokea na mtoto begani. "Weka birika chini." Akainama, akachovya kiwiko majini. "Haya yako sawa kabisa. Mnagombea nini?"

"Mimi nayasikia baridi!"

"Na mimi nayasikia moto!"

Mama akatabasamu. Akateka maji kidogo ya beseni kwenye bakuli, kisha akamwambia kaka atie mkono wa kulia kwenye ndoo ya maji ya bomba, na wa kushoto kwenye maji ya moto ya vyombo. Wakasubiri kidogo.

"Sasa tia yote miwili kwenye bakuli."

Kaka akatia. Macho yakamtoka pima. "Mama! Wa kulia unasema moto, wa kushoto unasema baridi!"

"Haya, tuambie, muongo ni yupi?"

Chiriku alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kaka naye akashindwa kujizuia.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Ningemimina lile birika, sijui ingekuwaje."

Mama akamteremsha mtoto taratibu majini. Mtoto akarusha miguu kwa raha, akawalowesha wote.

"Ngozi haipimi, wanangu, hulinganisha," mama alisema. "Mkono uliotoka kwenye baridi huona vuguvugu ni moto, na uliotoka kwenye moto huona ni baridi. Ndiyo maana nimetumia kiwiko, ambacho hakijagusa maji yoyote. Chiriku, punguza chumvi ili siku ya ukweli uaminiwe. Na wewe, mwanangu, mtu akihisi tofauti na wewe, usikimbilie kumwita muongo. Muulize kwanza mkono wake umetoka wapi."