Miche Mia Sita na Hatua za Njiru

Kila asubuhi Igoki aliisalimia miche yake ya kahawa kabla ya kumsalimia mume wake. Njiru, mumewe, alilijua jambo hilo na alinyamaza tu. Mtu akishindwa na mche, atashtaki kwa nani?

Miche ilikuwa mia sita. Ilikaa nyuma ya jikoni, kila mmoja ndani ya kikaratasi cheusi cha nailoni kilichojaa udongo. Igoki aliiotesha mwenyewe kutoka kwa mbegu. Aliinyunyizia maji mwaka mzima kwa mkebe aliotoboa matundu. Sasa mvua ya Oktoba ilikuwa karibu, na miche ilikuwa tayari kwenda shambani.

"Mmeamkaje, watoto wangu?" Igoki aliuliza siku ya Alhamisi.

"Wameamka vizuri," Njiru akajibu kutoka mlangoni. "Baba yao tu ndiye hajapata chai."

Igoki akacheka, akammiminia chai. Siku hiyo hakuweza kutulia. Jumamosi ilikuwa karibu, na Jumamosi wangebadilishana mashamba na Kinyua.

Mambo yalikuwa hivi. Shamba la Igoki na Njiru lilikuwa ng'ambo ya mto, karibu na nyumba ya Kinyua. Shamba moja la Kinyua nalo lilikuwa upande huu, kando tu ya zizi la Igoki. Kila asubuhi Igoki alivuka kwenda kule na jembe begani. Kinyua alivuka kuja huku na jembe begani. Walikutana kwenye daraja wakihema. Siku moja Kinyua akamuuliza Igoki, "Mama Carol, kwani sisi wawili tuna akili kweli?" Wakakubaliana wabadilishane. Wazee wangekuja kuona mipaka, mbuzi angechinjwa, kisha karatasi zingepelekwa kwa bodi ya ardhi.

"Na una hakika mashamba ni sawa?" Igoki aliuliza tena.

"Nimepima mwenyewe," Njiru akasema, akinyoosha miguu yake. Ilikuwa mirefu mno. Pale kijijini, karibu na Runyenjes, watu walimwita Mita, kwa sababu hatua yake moja ilikuwa mita moja kamili. "Nimelizunguka letu, hatua mia mbili. Nimelizunguka la Kinyua, hatua mia mbili. Kinyua alinifuata nyuma akihesabu. Ni sawa kabisa."

Hivyo ndivyo baba yake alivyopima, na babu yake pia. Unaanza kwenye kona, unatembea, unarudi kwenye kona. Ukichoka, basi shamba ni kubwa.

Saa nne, boda boda ilisimama nje. Alishuka Lydiah, afisa wa kilimo, na buti zake za mvua. Alikuja kukagua miche. Aliinama, akashika majani, akatabasamu.

"Hii imelelewa," alisema. "Sasa, shamba la kuipanda lina ukubwa gani?"

"Hatua mia mbili," Njiru akajibu.

"Za kuzunguka?"

"Madam, sasa mtu atapima shamba akipitia wapi? Juu?"

Lydiah alicheka. Halafu akatazama shamba la Kinyua kando ya zizi. Lilikuwa refu na jembamba kama mkanda. Lilishuka kutoka barabarani kuelekea mtoni.

"Na lile lenu la ng'ambo? Lina umbo gani?"

"Lina kona nne, na pande zote ni sawa," Igoki akasema.

Lydiah akamgeukia. "Mama Carol, niletee kamba na vijiti vinne."

Igoki alileta kamba ya ng'ombe. Lydiah aliifunga ncha kwa ncha. Akaiweka chini, akainyoosha kwa vijiti hadi ikawa na pande nne zilizo sawa.

"Umbo hili linaitwa mraba. Jazeni miche ndani."

Walipanga miche ikigusana. Mistari minne, kila mstari miche minne. Ndani ikaingia miche kumi na sita.

"Sasa itoeni. Kamba ni ile ile, sijaikata." Lydiah akang'oa vijiti, akaibana kamba ikawa ndefu na nyembamba. "Hili ni umbo la mstatili. Jazeni tena."

Igoki alipanga. Mmoja, miwili, mitatu. Alipofika saba, nafasi ikaisha. Miche tisa ilibaki nje, mikononi mwa Njiru.

Njiru aliitazama kamba, kisha akamtazama Lydiah kama mtu aliyechezewa karata. "Hebu rudia."

Walirudia. Miche tisa ikabaki nje tena.

"Njia ya kuzunguka ni mzunguko," Lydiah akaeleza. "Huo unakufaa ukitaka kujenga ua. Lakini kahawa haikai kwenye ua, inakaa ndani. Nafasi ya ndani inaitwa eneo. Mzunguko unaweza kuwa sawa, na eneo lisiwe sawa."

"Twende tupime," Igoki akasema. Alikuwa ameshafika kwenye lango.

Lydiah alikuwa na kamba ya mita kumi, yenye fundo kila mita. Kabla ya kuinyoosha alisema, "Kwanza kisieni kwa macho. Upana wa shamba hili ni mita ngapi?"

"Kumi na tano," Igoki akasema.

"Ishirini," akasema Njiru. Walipima, ikawa ishirini kamili, na Njiru akavimba kichwa. Urefu ukawa mita themanini.

"Kupata eneo la mraba au mstatili, unazidisha urefu kwa upana," Lydiah akasema. Igoki akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi. Themanini mara ishirini. Mita za mraba elfu moja mia sita.

Walivuka daraja, wakapima shamba lao. Mita hamsini kila upande. Hamsini mara hamsini. Igoki aliandika, akafuta, akaandika tena. Mita za mraba elfu mbili mia tano.

"Mche mmoja wa aina yenu unapandwa mita mbili kutoka kwa mwenzake, kila upande," Lydiah akasema. "Kwa hivyo kila mche una chumba chake, cha mita za mraba nne."

Igoki aligawa kwa nne. Kule kwa Kinyua, vyumba mia nne. Hapa, mia sita ishirini na tano.

"Miche yangu mia mbili ingelala nje," alisema polepole.

Miguu ya Njiru ilionekana mifupi ghafla.

Wakati huo Kinyua alitokea nyumbani kwake akivuta mbuzi mweupe. "Huyu hapa wa Jumamosi," alisema. Kisha akaiona kamba. "Mnapima nini tena? Si tulimaliza?"

"Kinyua, wewe ni rika langu," Njiru akaanza. "Tulikosea. Shamba lako ni dogo kuliko letu."

Uso wa Kinyua ulibadilika. "Tulihesabu pamoja. Sasa nimeshanunua mbuzi ndipo shamba langu linapungua?"

"Hakuna mwizi hapa," Igoki akasema upesi. "Mimi pia niliamini. Kaa hapa, nikuonyeshe kwa kamba."

Safari hii Lydiah alinyamaza, na Igoki ndiye aliyekuwa mwalimu. Kwa kuwa miche ilikuwa mbali, alijaza mawe. Mawe yote yakaenea kwenye mraba, lakini mengine yakabaki nje ya mstatili. Kinyua alipanga mwenyewe mara tatu. Mara ya tatu akakaa chini kando ya mbuzi wake.

"Babu yangu alibadilishana shamba na watu wawili," alisema. "Heri hayupo asikie haya."

Wote wakacheka, hata Njiru.

"Tunapungukiwa na mita za mraba mia tisa," Igoki akasema. "Lakini juu ya shamba lako kuna kile kipande chako cha nyasi, kile kilichokatwa na njia ya kiwanda cha kahawa. Kina kona tatu."

"Pembetatu," Lydiah akasema. "Utaipimaje?"

Igoki alifikiri. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja kutoka kona hadi kona, kama alivyofanya kila Jumapili kabla ya kanisa. "Kitambaa kizima kina kona nne. Nikikikunja kinabaki nusu, na kina kona tatu. Kwa hivyo nitazidisha, halafu nichukue nusu."

"Na mimi nilipanda boda boda kuja kufanya nini?" Lydiah akauliza.

Walirudi mbio, mbuzi pia. Upande wa chini wa pembetatu ulikuwa mita sitini. Kutoka hapo kwenda juu wima kabisa, kimo kilikuwa mita thelathini. Sitini mara thelathini ni elfu moja mia nane. Nusu yake ni mia tisa.

Kinyua akampa Igoki mkono. "Chukua na nyasi zake. Elfu mbili mia tano kwa elfu mbili mia tano."

Jumamosi wazee walionyeshwa kwa kamba, na mmoja akaomba aonyeshwe tena. Mbuzi alipoiva, Kinyua alimwekea Njiru ubavu mrefu, mwembamba.

"Urefu nauona," Njiru akasema. "Upana uko wapi?"

Mvua ilipokuja, karatasi za bodi zilikuwa zimepita. Miche mia sita ilipandwa kando ya zizi, kila mmoja katika chumba chake. Mashimo ishirini na tano yalibaki, na Igoki akaanza kuotesha miche ya kuyajaza.

Asubuhi moja alitoka kuisalimia miche yake, mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa mwisho alimkuta Njiru. Alikuwa amesimama ndani ya shimo tupu, mikono ikiwa imenyooka ubavuni, akingoja kusalimiwa.