Majina ya Kituo cha Mwisho

Mwaka wa 1998, foleni ya simu nje ya posta ya Kericho haikuwa na huruma na mtu. Kipkurui, kijana wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha majani chai, alikuwa ameng'ang'ania kibanda kwa muda. Nyuma yake alisimama msichana wa sweta ya manjano, viatu vimejaa matope mekundu.

"Kaka, unaongea na simu ama mnapigana?"

"Imemeza sarafu yangu."

"Igonge hapo kando. Umeona? Sasa ongea haraka, na mimi nataka kumpigia mama."

Kipkurui alisahau aliyetaka kumpigia. Msichana huyo aliitwa Nyabate, karani wa kupima majani katika kituo kimoja cha kiwanda hichohicho. Walipendana bila kuulizana kabila, ingawa wengine waliwaulizia. Kufikia Agosti, Kipkurui alikuwa amepanga kwenda Kisii Jumamosi kumwona baba yake Nyabate kuhusu posa.

Wiki hiyohiyo kiwanda kikatangaza kupunguza makarani. Kila kituo kilileta majina ya watakaobaki, naye Kipkurui akaandika programu ya kuyakusanya katika orodha moja. Akampigia Nyabate simu kituoni.

"Jina lako nimeliona kwa karatasi ya kituo chenu, dear. Tulia."

"Kweli? Usinidanganye, wewe. Nina wadogo watatu shuleni."

"Kweli kabisa."

Alhamisi orodha ikabandikwa ukutani, na sahihi ya Kipkurui chini yake. Ilikuwa na majina kumi na moja, yote ya watu wa kijiji cha kina Kipkurui; la Nyabate halikuwamo.

"Hii orodha umeweka sahihi wewe?" Nyabate aliuliza kwenye simu.

"Ndiyo, kwani..."

Simu ikakatwa.

Kipkurui alikimbilia kompyuta na kuliona kosa. Mstari wa programu uliopaswa kuongeza majina mwishoni mwa orodha ulikuwa unaianza upya kwa kila kituo. Kila kituo kilifuta vilivyotangulia, na cha mwisho kilikuwa cha kwao.

Hakujificha, hilo tumpe. Aliingia kwa meneja mbele ya makarani waliokuwa wakipiga kelele, akasema kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo, na saa sita orodha sahihi ikabandikwa. Kisha akakodi baiskeli hadi kituoni, mvua ikimpiga.

"Nimerudisha majina yote. Uko kazini, mpenzi."

"Nimeambiwa. Asante."

"Ni programu, Nyabate. Badala ya kuongeza ilikuwa inafuta. Mimi nikutoe wewe? Mimi?"

"Nakuamini."

Kipkurui alishusha pumzi, akanyoosha mkono. Nyabate hakuushika.

"Lakini kabla ya kuweka sahihi, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Mara mbili."

"Ukasoma watu wa kwenu peke yao, kutoka juu hadi chini, na hukuona kuna mtu amekosekana."

Kipkurui angeweza kusema alikuwa na haraka, lakini hakuwa nayo. Aliyaona majina anayoyajua, akaridhika.

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Nakupenda bado, ndiyo maana nalia." Alijipangusa kwa mkono wa sweta. "Lakini Jumamosi usije kwa baba. Siwezi kuolewa mahali ambapo nikikosekana hakuna anayeona."

Akina mama walikuwa wamefika na vikapu vya majani mabichi. Nyabate akageukia mizani, akaanza kupima.