Urbain na Ukomando Wake

Kila siku baada ya shule, Générose alijitwika beseni la masufuria na kushuka Lubuye, ufukweni mwa ziwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda kuliko kufagia, kwa sababu ilikuwa na mwisho mtamu. Akishasugua masufuria kwa mchanga mpaka yang'ae, yeye na rafiki yake Virginie walijitupa majini, wakaogelea hadi kwenye jiwe kubwa na kurudi kabla Mama hajaanza kuita.

Siku hizo kaka yake Urbain alikuwa akiwafuata. Hakuja kusaidia, hata kidogo. Alikuja na magwanda yake ya jeshi la majini, akakaa juu kwenye majani, viatu vikavu kabisa, na kuanza kuwahubiria habari za makomando. Komando haogopi. Komando hachoki. Komando anaruka kutoka kwenye ndege, parashuti inafunguka, anatua nyuma ya adui. Virginie alipomwuliza kwa nini basi yeye yuko kwenye mashua, Urbain alijibu kwamba ni kwa muda tu. Alikuwa ameomba kuhamia kikosi hicho, na wakubwa wa makomando wangekuja kutoka kambi yao ya Kamina kuchagua watu.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na balaa. Asubuhi alilala kifudifudi mlangoni akijisukuma juu na chini kwa mikono, na hakuna aliyeweza kupita. Jioni alipanda juu ya paa la jiko na kuruka, ati anajizoeza kutua. Mara ya kwanza aliangukia mihogo ya Mama iliyoanikwa. Mara ya pili alivunja banda la kuku, na jogoo akahamia kwa jirani. Mama Philomène hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishika kiuno, akauliza jeshi la majini limemvisha na kumlisha, sasa maji yamemkosea nini? Urbain akasema wanaume wa kweli wako hewani. Jamani, kijana huyu alichosha.

Ajida Casimir, mkuu wa mashua aliyotumikia Urbain, naye alikuwa amechoka. Kila akigeuka, Urbain yuko mbele yake na ombi lile lile. Mwishowe alimpa ruhusa ya kujaribiwa, akasema anafanya hivyo ili apate kupumua.

Basi siku moja Urbain alirudi kutoka kambini kimya. Ugali wake wa bukari hakugusa, samaki wadogo wa ndagala hakugusa. Alimvuta Générose nyuma ya jiko, akachungulia huku na huku.

"Wakubwa wamefika," alinong'ona. "Jumamosi njo siku yenyewe. Jaribio la kwanza ni kuogelea, kutoka mwisho wa gati mpaka kwenye mashua."

"Sasa shida iko wapi, Yaya?" alimwuliza kaka yake mkubwa.

"Sijui kuogelea."

Générose alicheka. Kisha akaona kaka yake hacheki, na kicheko kikamkauka.

Urbain alimweleza yote. Yeye alikulia Pepa kwa babu, huko juu milimani akichunga ng'ombe, akashuka huku Kalemie, kando ya ziwa, akiwa tayari kijana mkubwa. Siku ya kuandikishwa jeshini, mkubwa mmoja aliwapanga. Wale waliotoka milimani waliambiwa wasimame kushoto, wafundishwe kuogelea kwanza. Alipofika kwa Urbain, akamwuliza ametoka wapi. Urbain alijibu kwamba ametoka Kalemie, maana aliona haya kuitwa mchunga ng'ombe. Yule mkubwa akacheka, akasema mtoto wa ziwa hafundishwi maji, akampeleka kulia. Na Urbain akaenda kulia, akakaa kimya miaka miwili mizima, akijifanya fundi wa injini asiyetaka kutoka chini ndani ya mashua.

"Kumbe ungesema Pepa wangekufundisha," Générose alisema.

"Njo vile."

"Na huo ukomando wako?"

"Huko ni hewani," Urbain alisema kwa huzuni. "Nilifikiri hewani hakuna maji."

Générose alijishika kichwa. Mtu anakimbia maji, anakimbilia kwa watu watakaomtupa majini kwanza kabla ya jambo lolote. Utamfanya nini mtu kama huyo? Alimwambia aende kwa Ajida akaseme ukweli. Urbain akakataa katakata. Alimwapisha dada yake asimwambie mtu, na Générose, kwa kuwa alimpenda kaka yake, aliapa.

Générose alijaribu kumfundisha kesho yake. Ilikuwa aibu tupu. Maji yalipofika magotini Urbain alisema ni baridi. Yalipofika mapajani alipiga kelele kwamba kuna mnyama amemgusa. Mnyama mwenyewe alikuwa kifuniko cha sufuria. Aliporudi nchi kavu, akasema amepata mpango bora: atafunga mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli tumboni, chini ya shati, nao utamfanya aelee hadi kwenye mashua.

Jumamosi watu wote wa mtaa walikuwa kwenye salongo, ile kazi ya pamoja, wakifyeka nyasi karibu na gati. Générose alikuwa na jembe mkononi, lakini macho yake yalikuwa kwa vijana waliopangwa mstari mwishoni mwa gati. Urbain alikuwa nyuma kabisa, tumbo limevimba kama la mtu aliyetoka harusini.

Mkubwa wa makomando akatoa amri: mashati chini, wote.

Générose alimwona kaka yake akijificha nyuma ya rundo la kamba, akiutoa ule mpira haraka na kuusokomeza kati ya kamba. Akashusha pumzi, akidhani sasa ataondoka kwenye mstari. Urbain hakuondoka. Alirudi mahali pake, kifua wazi, midomo mikavu, wenzake wakiruka mmoja mmoja mbele yake. Alikuwa radhi kuzama kuliko kuchekwa. Générose alifikiria kiapo chake. Akafikiria pia jinsi maji yalivyo na kina pale. Akalitupa jembe, akakimbia hadi kwa Ajida Casimir, aliyesimama kwenye gati akitazama.

"Ajida," alisema akihema, "kaka yangu hajui kuogelea."

Ajida Casimir alitabasamu. "Mutoto, Urbain ni wa mashua yangu."

"Hajui, Ajida. Alikulia Pepa kwa ng'ombe. Atakufa."

Ajida alimtazama usoni, na tabasamu likatoweka. Alinguruma jina la Urbain, na Urbain, ambaye vidole vyake vya miguu vilikuwa tayari ukingoni, akasimama.

"Unajua kuogelea au hujui?"

Urbain alimtazama dada yake kwa hasira, akayatazama maji, akainamisha kichwa.

"Sijui, Ajida."

Ajida alivua kofia, akaketi juu ya rundo la kamba. Akahisi kitu kinamsukuma, akakivuta, akaona mpira wa baiskeli. Aliuzungusha mikononi, akiutazama kwa uchovu mkubwa.

"Miaka miwili," alisema. "Mashua ingepinduka, tungekutegemea utuokoe. Tungekufa tukikutafuta wewe."

Wakubwa wa Kamina waliondoka bila Urbain. Ajida hakumfukuza, ila alimpa amri: kila jioni ataenda Lubuye kwa wasichana wa masufuria, na dada yake atamfundisha.

Juma zima Urbain hakumsemesha Générose. Msichana alilia, akamwambia Mama kwamba amevunja kiapo. Mama Philomène alimfuta machozi kwa kitenge chake.

"Siri inayoweza kuua mutu haitunzwi, mwanangu," alisema. "Mwache anune. Mwenye kununa yuko hai."

Na kweli alinuna, akanywa maji mengi, akakohoa, akagombana na mawimbi na mwalimu wake. Virginie alicheka hadi akachoka kucheka. Lakini kidogo kidogo alielea, kisha akafika kwenye jiwe kubwa na kurudi. Wakubwa walipokuja tena mwaka uliofuata, aliruka kutoka mwisho wa gati, akafika kwenye mashua akiwa wa tatu. Hakuwa wa kwanza, lakini alifika, na wakamchagua.

Siku ya kuondoka kwenda Kamina, familia ilimsindikiza gari-moshini. Ajida Casimir naye alikuja, akamshika bega.

"Huko wakikuuliza kama unajua kuruka kutoka kwenye ndege, utasema nini?"

Urbain alifungua mdomo. Générose alimwona kama anayekumbuka paa la jiko, akaogopa atasema anajua. Lakini kaka yake alimgeukia, akatabasamu.

"Nitasema sijui, Ajida. Nitasema nifundisheni."

"Haya, panda," Ajida alisema. "Asemaye sijui mapema hufundishwa. Anayeficha hutafutwa chini ya maji. Na wewe, Générose, usisahau hilo."

Gari-moshi lilipiga honi. Mama Philomène akashusha pumzi ndefu, akasema sasa atarekebisha banda la kuku.