Vifuniko Viwili

Kila siku baada ya masomo Kiherehere alipitia maabara ya shangazi yake, akaketi kwenye kiti cha kona na kufanya kazi za shule mpaka wakati wa kuondoka pamoja. Jina hilo la utani alilipata nyumbani, na kusema kweli alilistahili. Ndiyo maana maabara ilikuwa na sheria moja tu kwake: macho ruhusa, mikono marufuku.

Shangazi alikuwa akitafuta kingamwili, askari wadogo wa mwili, watakaozishika seli za saratani ya utumbo mpana na kuziacha zenye afya. Ugonjwa huo ndio uliomwondoa babu. Kwa miaka mitatu shangazi alikuwa amejaribu kingamwili nyingi, zikamwangusha. Sasa alikuwa na ya kumi na saba, aliyoiita namba kumi na saba.

Jumanne hiyo, mezani palikuwa na visahani viwili vya plastiki vyenye vishimo vidogo vidogo. Kifuniko kimoja kiliandikwa SARATANI, kingine AFYA, kulingana na seli zilizokuwa ndani. Vyote vilikwishatiwa namba kumi na saba.

"Nikitia dawa ya rangi, mahali namba kumi na saba ilipojishika patageuka njano," shangazi alieleza, akatoka kwenda kuichukua katika chumba cha pili.

Kiherehere akajiambia atachungulia tu. Akafunua hiki, akafunua na kile. Maji matupu! Mara viatu vya shangazi vikasikika. Akafunika mbiombio, akarukia kitini na kushika kitabu, juu chini. Hapo ndipo alipojiuliza kifuniko kipi kilitoka wapi.

Shangazi akatia dawa. Baada ya dakika kumi, kisahani cha AFYA kiligeuka njano. Cha SARATANI hakikubadilika hata kidogo.

"Basi tena," shangazi alisema, akaketi taratibu huku machozi yakimtoka. "Inazishika seli nzuri, inayaacha maradhi."

Kiherehere alitaka kusema, lakini akainamia kitabu chake. Jioni hiyo shangazi hakugusa chakula. Kiherehere alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Alijidanganya kwamba pengine vifuniko vilirudi mahali pake, lakini moyo ulimsuta.

Kesho yake alimkuta shangazi amevaa glavu, ndoo ya dawa ya kuulia seli iko miguuni pake, na chupa tatu ndogo ziko mezani.

"Mkuu wangu, Profesa, amesema tusipoteze muda," shangazi alisema. "Hizi ndizo seli zinazoitengeneza namba kumi na saba. Hatuna nyingine."

Akashika chupa ya kwanza.

"Shangazi, usimwage!" Kiherehere alipiga kelele. "Ni mimi! Jana nilivifunua visahani. Sijui kama nilirudisha vifuniko sawasawa."

Shangazi aliirudisha chupa mezani.

"Jana uliniona nikilia?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, shangazi. Nisamehe."

 Shangazi alirudisha kwanza chupa zote kwenye friza, kisha akampigia Profesa simu. Jaribio lilirudiwa. Ijumaa Kiherehere aliketi kitini ameikalia mikono yake, roho juu. Safari hii kisahani cha SARATANI kiligeuka njano kabisa, na cha AFYA kikabaki cheupe. Shangazi alicheka huku akijifuta macho.

"Profesa amenikaripia, na ana haki," alisema. "Niliandika kwenye vifuniko, na vifuniko huhama. Hilo ni kosa langu, nimelikubali. Wewe kuchungulia ni utoto, ningekusamehe palepale. Kilichoniuma ni kwamba ulijua, ukakaa nami meza moja, ukanyamaza. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama huna hakika. Ungechelewa dakika moja tu, wagonjwa wangeikosa dawa hii, na wasingejua kamwe kwa nini."

Kiherehere aliinamisha kichwa. Shangazi akamsogezea visahani viwili vipya na kalamu ya wino usiofutika.

"Haya, andika. Ubavuni mwa kisahani chenyewe. Ukimaliza, mikono mfukoni."