Chumba cha Makaa

Shisha ya meza ya nne ilikohoa. Mteja alikuwa hajaigusa bado. Mpira wa kuvutia ulikuwa umelala kwenye sofa, yeye kainamia simu yake, na ile chupa ikatoa kikohozi kikavu cha mwanamke anayejizuia asisikike. Mteja akacheka, akasema labda maji yamezidi. Mhudumu hakucheka. Kikohozi kile alikisikia kila siku kwa miaka mitatu.

Kilikuwa cha Dada Makaa. Ndiye aliyewasha mkaa katika chumba cha nyuma na kuvuta pumzi za mwanzo za kila shisha mpaka moshi ukolee, ndipo ipelekwe kwa mteja. Alikuwa na mwezi mmoja kaburini.

Mwenye baa ya shisha aliitwa Bosi Tufaha, kwa sababu alimsifia kila mgeni ladha ya tufaha hata siku ambayo imekwisha. Alipoambiwa habari ya kikohozi alikunja uso.

"Acheni uzushi. Maji yamezidi."

Akamwaga maji, akatia mengine. Chupa ikakohoa tena, mbele yake.

Inabidi nikiseme mimi alichofanya mtu huyu, maana mwenyewe alikaa nacho kimya. Hakuwa na kibali cha kuvutisha shisha. Siku wakaguzi walipokuja, saa nane mchana, alizisukumia shisha zote zenye moto ndani ya chumba cha makaa, akamsukumia na Dada Makaa, akafunga kwa ufunguo. Dirisha alishalipigilia mbao zamani ili moshi usionekane barabarani. Kisha akawakalisha wakaguzi, akawaagizia soda, akawachekesha. Mlango ulipogongwa kwa ndani, aliongeza sauti ya muziki. Ulipogongwa tena, akaongeza tena. Wakaguzi walipoondoka, hakukuwa na wa kugonga. Msibani alimshika mkono mama wa marehemu na kumwambia moyo ulisimama ghafla, ni kazi ya Mungu. Akamsingizia Mungu, na machozi akatoa.

Mtia makaa mpya alidumu siku mbili, akaondoka bila kuaga. Bosi akamleta binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa likizo ya chuo.

"Siku chache tu, mwanangu, mpaka nipate mtu."

"Sasa baba, nitavutia nini? Sina kidomo."

Watia makaa kila mmoja ana kidomo chake cha mti cha kuchomeka kwenye mpira, na hawaazimani, kama watu wasivyoazimana mswaki. Cha Dada Makaa kilikuwa bado kinaning'inia msumarini.

"Tumia hicho. Kizima kabisa."

Binti akakifuta kwa leso, akavuta. Moshi uliingia, haukutoka.

Siku ya tatu alikuwa kitandani. Daktari alimpima mapafu akasema ni safi, akamwandikia dawa ya kikohozi. Lakini mama yake, aliyekaa naye chumbani mchana kutwa na mapazia wazi, alikuwa akiona kila mtoto anapotoa pumzi unatoka uzi mwembamba wa moshi wenye harufu ya mkaa uliowashwa sasa hivi, na midomo inazidi kuwa myekundu kama ya mtu aliyetoka kucheza, na mkono wa kulia, huku mwenyewe amelala hajitambui, unainuka wenyewe taratibu na kugonga ubao wa kitanda, unatulia kana kwamba unasikiliza, unagonga tena kwa nguvu zaidi, na kila baada ya kugonga pumzi inakuwa fupi kuliko ile iliyotangulia.

Wakamwita mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alifukiza, akasoma, akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani?"

Mdomo wa binti ukafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Mwulizeni aliyeongeza muziki."

Mganga akamgeukia Bosi, akamtazama mpaka Bosi akainamisha kichwa. Kisha mganga akaanza kufunga mkoba wake.

"Mama, unaondoka?" mke wa Bosi akanong'ona. "Mwanangu je?"

"Mimi nawatoa wanaoonea watu. Huyu kaonewa yeye. Mumeo aende kwa aliyemzaa, leo hii, kabla jua halijazama."

Mama yake Dada Makaa alikuwa fundi cherehani. Bosi alimkuta anapinda suruali ya mtu, akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, akasema yote: mbao, ufunguo, muziki. Cherehani haikusimama.

"Nilijua," fundi alisema. "Nilimwosha mwenyewe. Midomo ilikuwa myekundu. Moyo ukisimama haufanyi hivyo; moshi wa mkaa ndio hufanya."

"Nisamehe, mama yangu. Nina mtoto mmoja tu."

"Na mimi nilikuwa na wangapi?"

Bosi akalia, safari hii kweli. "Niambie nifanye nini. Chochote."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Alikaa mle muda gani?"

"Kama… nusu saa."

"Basi kakae nusu saa. Mkaa uleule, dirisha vilevile. Mlango sitaufunga, hiyo nafuu mwanangu hakuipata. Ukimaliza, nitamwita mwanangu aniitikie, amwache mwanao. Ukitoka kabla, umechagua mwenyewe."

Wakaenda. Bosi akawasha mkaa, akaurudisha mlango, akaketi. Nje, fundi akavuta kiti na kuweka saa yake juu ya paja.

Mwanzoni Bosi alijiambia nusu saa si kitu, watu hukaa zaidi ya hapo kwenye foleni ya benki, kisha kichwa kikaanza kugonga, kifua kikabana, mkaa ukawaka mwekundu bila kupulizwa, na katika ukuta, karibu kabisa na sikio lake, akasikia sauti ya binti yake, yake hasa, ile aliyomsikia nayo akijifunza kusema, ikimwambia, "Baba, usitoke. Bado kidogo, baba. Baba, nakuomba," na yeye akainuka, akijua anachofanya, akijua mlango haukufungwa, akausukuma kwa mabega yote mawili na kuanguka nje akiimeza hewa.

Fundi alitazama saa.

"Zilibaki dakika nne."

Bosi alikuwa bado chini, anahema, simu ikaanza kulia mfukoni mwake. Aliitoa. Alikuwa mkewe. Akaiacha mkononi inalia, ikakatika, ikaanza tena.

"Pokea," fundi akamwambia. "Mimi nilipopigiwa nilipokea."