Mjafari Ulioitikia

Asubuhi ya Ijumaa ile Manundu ilikuwa Manundu tu: watu wanafagia, chai inachemka, na jirani yetu Fatu anamlaani aliyemshauri asomee mimea. Degree anayo, kazi hana, connection zero. Wenzake wenye wajomba maofisini wanavaa vitambulisho shingoni. Yeye kabeba jembe begani, anakwenda porini Handeni kumchimbia mama yake dawa.

Mama yake alikuwa akiwaka homa siku nyingi. Sindano kapigwa, vidonge kameza, homa ipo palepale. Shangazi Husna, aliyekuwa akimkanda, akasema kilichobaki ni mzizi wa mjafari. Ila mjafari una mwenzake, wamefanana miiba, majani, mpaka harufu. Ukichimba huo mwingine, mgonjwa humpati tena.

"Ukifika shinani, litaje jina la mama yako. Jina lenyewe. Kukiwa kimya, kata mzizi. Ukiitikiwa, fukia, uondoke."

Fatu alicheka. Akamwambia shangazi kwamba hayo chuoni hawakufundisha, na waliyofundisha nayo hayajamlisha.

Jua lilikuwa la utosi alipoupata. Akaukagua kwa hasira zake zote. Miiba imekaa juu ya vinundu, sawa. Akafikicha jani, likanuka kama ndimu. Sawa. Kwa kila alichosoma, ule ulikuwa mjafari, full stop.

Akafukua mpaka mzizi ukaonekana. Akainama. Tangu azaliwe hajawahi kumwita mama yake kwa jina. Mtoto gani anafanya hivyo? Akalisema kwa aibu, akinong'ona.

"Mwanaisha."

"Abee."

Ilitoka shimoni. Laini. Sauti ya mama yake kabisa, ile ya kuitikia akiwa jikoni.

Fatu akaangaza huku na huku. Hakuna mtu. Hakuna ng'ombe. Hata upepo hakuna. Akajiambia ni njaa, ni jua. Akamkumbuka mama anavyotetemeka mkekani, na mjafari mwingine hajui atautoa wapi.

Akakata.

Mama alikunywa maji ya mzizi ule jioni ileile. Homa ikashuka. Akaomba ugali, akala, akamtania Fatu kwamba hatimaye ile digrii imelipa. Shangazi hakucheka.

"Wifi Mwanaisha," akaita taratibu.

Mama anatafuna. Kama hakusikia.

"Abee," kukaitikiwa nje. Mbali. Upande wa barabara ya Handeni.

Shangazi akamshika Fatu mkono. "Asiitwe tena," akanong'ona. "Tukiita, kinajua njia."

Wao wakaacha. Lakini Manundu utamzuia nani? Muuza dagaa akaita. Mwenzake wa msikitini akaita. Mama kimya, na jibu kila mara linakuja karibu zaidi. Kwa fundi baiskeli. Kisimani. Nyuma ya choo.

Jana alfajiri Fatu alifungua mlango. Kizingitini kulikuwa na unyayo mmoja wa udongo mbichi. Mguu wa kushoto. Kisigino kimepasuka vilevile kama cha mama yake.

Mama alikuwa ndani, amelala, nyayo zake safi.

Vidole vya ule unyayo vilielekea ndani.